Mashine ya Nne

Mashine tatu za kutotolesha mayai ziliingia nyumbani siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, zikapangwa juu ya meza ya kulia kwa kufuata ukubwa. Sahani zikahamishiwa jikoni. Kuanzia siku hiyo watu wa nyumba ile walikula wamesimama, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu aliyezileta ni Mkaguzi, na Mkaguzi akishaanza kupima jambo, ni mpaka mwisho.

Alikuwa amestaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kukagua mizani za wafanyabiashara. Aliingia dukani na sanduku dogo la mawe ya kupimia, akaweka jiwe la kilo moja kwenye mizani ya muuza sukari, kisha akamtazama muuza sukari usoni. Hakuwahi kupokea hongo, wala hata soda. Alikuwa mtu wa haki kwa kila kitu chenye namba. Kwa vitu visivyo na namba alisubiri, akiamini kwamba siku moja navyo vitapata.

Mashine zilihitajika kwa sababu Shangazi alikuwa anaondoka.

Shangazi ni mdogo wake Mkaguzi, tumbo moja. Alikuja kwa wiki mbili, mke wa Mkaguzi alipojifungua mtoto wa kwanza, ili asaidie kuogesha mtoto na kupika uji wa mzazi. Mtoto mwenyewe sasa ni binti wa miaka ishirini na miwili, anasomea ualimu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shangazi alipewa siku ile ile, kabla hajavua viatu, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka kumwambia aliweke chini. Chumba alicholala kilikuwa stoo. Upande mmoja kilikuwa bado stoo, chenye meza ya kupigia pasi, baiskeli isiyo na mnyororo na magunia ya chakula cha kuku. Upande wa pili palikuwa na kitanda chake.

Kisha ikaja barua. Rafiki yake wa zamani, ambaye sasa ni matroni wa shule ya bweni katika mji mwingine, alikuwa amemtafutia kazi ya kusimamia chumba cha kushonea sare. Vyerehani sita, wasaidizi wawili, na chumba cha kulala chenye ufunguo wake. Shangazi aliisoma barua mara nne, na pale penye ufunguo alipasoma zaidi. Alitakiwa kuripoti Jumatatu, tarehe mosi. Asipofika, nafasi atapewa mwingine. Alimpelekea kaka yake barua kwa furaha. Mkaguzi akaisoma, akaikunja vizuri, akampa hongera.

"Na kuku?" akauliza.

Kwa nyumba ile lilikuwa swali la haki. Kuku ndio waliolisha nyumba tangu Mkaguzi astaafu, na Shangazi ndiye aliyekuwa akiyageuza mayai yao asubuhi, mchana na jioni. Ilibidi yageuzwe na mtu kwa sababu kuku wenyewe hawakuatamia. Mtaa mzima ulijua uvivu wao. Walitaga katika sanduku lililokuwa chini ya dirisha la Shangazi, wakapiga kelele kidogo za kujitangaza, wakaenda zao kuchakura na wasirudi. Siku ya ishirini na moja mayai yakaanguliwa yenyewe. Mke wa Mkaguzi alisema ni mbegu nzuri. Vilevile nguo zilizoanikwa ndani ya ile stoo zilikauka hata wiki ya mvua, donge la mkate liliumuka humo kuliko jikoni, na watoto waliposhikwa na baridi walipelekwa kulala humo. Hakuna aliyeketi akayaunganisha mambo hayo. Ukikaa na mtu miaka ishirini na miwili, unaacha kumtazama.

Basi Mkaguzi akaenda kutafuta mashine. Mkewe alimwonya kwamba mchagua nazi hupata koroma.

"Ndiyo maana mimi sichagui," alisema Mkaguzi. "Napima."

Muuza mashine alimheshimu tangu siku za mizani. Alimkabidhi tatu za majaribio, bila haraka, akamwambia, "Kaa nazo, mzee. Chema chajiuza." Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya plastiki, yenye kifuniko cha kuonyesha ndani. Ya pili ilikuwa sanduku la mbao lenye balbu nne, kazi ya seremala. Ya tatu ilikuwa kubwa, yenye kioo cha namba nyekundu, yenye kugeuza mayai yenyewe na kupiga mlio jambo lisipokwenda sawa.

Kulikuwa na mayai arobaini na manane. Mtu mwingine angejaza ile kubwa, akatia mengine katika ya mbao, yaliyobaki katika ile ndogo. Mkaguzi hakuona haki katika hilo. Ile ndogo ilikuwa na nafasi kumi na mbili, kwa hiyo kila moja ikapewa kumi na mawili, na kila yai likaandikwa kwa penseli, alama ya msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ili ijulikane likishageuzwa. Mashine kubwa ikanguruma na mayai yake kumi na mawili kama basi lililokosa abiria.

Yakabaki kumi na mawili mengine. Jikoni hapakuwa na nafasi kwa sababu ya sahani.

"Weka kwa wifi yangu," alisema mke wa Mkaguzi. "Kesho tutakaanga."

Kapu likawekwa kitandani kwa Shangazi, upande wa miguuni. Kesho yake hakuna aliyelikumbuka isipokuwa Shangazi, ambaye aliyageuza kwa mazoea, asubuhi, mchana na jioni, huku akipanga nguo zake kwenye sanduku.

Mashine zilianza kuonyesha tabia siku ya pili. Mkaguzi alikuwa na vipimajoto vitatu vya kazi ya zamani, na havikuwahi kumdanganya. Ile ya plastiki ilijitangaza kuwa nyuzi thelathini na saba na nusu, kumbe ndani ilikuwa thelathini na tano. Mkaguzi alikasirika nayo kama alivyokuwa akikasirikia mizani ya wizi, na kwa siku mbili hakuisemesha. Ile ya mbao ilikuwa ya kweli, ila upande wa balbu mayai yaliungua na upande wa mlango yaliganda. Ile kubwa ilifanya kazi vizuri mpaka siku ya tano, umeme ulipokatika kuanzia asubuhi hadi jioni. Ilipiga mlio saa nzima, kisha ikanyamaza.

Siku ya saba, Jumanne tena, walifunga mapazia ya sebuleni na kumulika mayai. Binti alishika tochi iliyofungwa karatasi ngumu mdomoni, Mkaguzi akashika yai, mkewe akashika daftari. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu inayotambaa kutoka kwenye doa jeusi. Katika ile ya plastiki yalikuwa maji matupu. Ya mbao ilikuwa na mawili yenye uhai, ile kubwa manne, na yote sita yalikuwa yamechoka.

"Na yale ya kitandani?" alisema Binti. Alisema hivyo kwa sababu tochi ilikuwa bado inawaka.

Yote kumi na mawili yalikuwa na mishipa. Mkaguzi aliyamulika mara mbili. Kisha akatia kipimajoto ndani ya kapu, akaketi kwenye gunia la chakula cha kuku na kusubiri. Thelathini na saba na nusu. Baada ya nusu saa, thelathini na saba na nusu. Shangazi alipotoka kwenda sokoni namba ilishuka taratibu, na aliporudi na vitunguu vyake ilipanda kabla hajafungua mlango wa mbele. Mkaguzi akamwomba aende uani na arudi. Akamwomba aende mpaka kwenye kamba ya nguo. Akamwomba asimame kidogo getini. Shangazi alikwenda na kurudi kila alipoambiwa, akidhani wanatafuta mahali panapovuja upepo.

"Ni wewe," Mkaguzi alimwambia mwishowe.

"Nini?"

"Joto."

Shangazi akatazama mikono yake. "Kweli mimi huwa sihisi baridi," alisema, akaenda kukata vitunguu.

Jioni ile Mkaguzi alichora mstari katika daftari na kuongeza safu ya nne. Juu yake aliandika "Shangazi". Chini yake aliandika joto, unyevu, na neno "umeme", na mbele ya umeme akaweka sifuri. Kusema kweli alifurahi. Alimpenda dada yake, na hakuwahi kupata njia ya kumpima.

Jumapili, siku ya kumi na mbili, Matroni alikuja mwenyewe na gari la shule kumchukua. Gari lilisimama getini likiunguruma. Shangazi alikuwa amevaa gauni la kitambaa cha buluu alilolishona kwa safari hiyo. Aliwaaga kuku, akamkumbatia Binti muda mrefu, akachukua sanduku lake na kutoka.

Hakuna aliyemshika mkono. Jambo hilo lazima lisemwe, maana baadaye wote walilisema. Mkaguzi alikuwa ameketi kibarazani na kapu mapajani, akisoma kipimajoto. Ilikuwa desturi yake ya miaka thelathini na mmoja kusoma namba kwa sauti, ili mwenye duka asikie.

"Thelathini na saba," alisema, Shangazi alipofika ngazini.

Shangazi akaendelea.

"Thelathini na sita na nusu." Hapo ilikuwa kwenye kamba ya nguo.

Shangazi akabadilisha sanduku mkono.

"Thelathini na tano."

"Kuku akishuka kunywa maji, mayai hayafi," Matroni alisema kutoka kwenye gari. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, amezoea mabinti mia tatu.

"Anakwenda kunywa maji, au anahama?" Mkaguzi aliuliza. Aliuliza kwa upole kabisa.

"Basi aje na kapu lake."

"Mayai ni ya nyumba, dada yangu," alisema mke wa Mkaguzi. "Halafu barabara yenyewe ni saa tano za mashimo. Yatavurugika yote, yawe mayai viza."

Shangazi alikuwa ameshika komeo la geti. Binti, ambaye alikuwa amechukua yai moja na kulimulika chini ya kanga ya mama yake, aliinua kichwa. Hakuwa na nia mbaya. Alilelewa na Shangazi na alizoea kumwonyesha kila kitu.

"Shangazi," aliita. "Huyu amecheza."

Shangazi alisimama hapo kama dakika moja. Alitaka kwenda. Alitaka kwenda kuliko alivyowahi kutaka chochote, na miguu yake ilikuwa mizima, na geti halikuwa na kufuli. Lakini nyuma yake kulikuwa na kumi na wawili wanaopoa, na hata mmoja wao hakuwa amemkosea.

"Thelathini na nne," alisema Mkaguzi.

Shangazi akaweka sanduku chini. "Siku tisa tu," alimwambia Matroni. "Wakishaanguliwa nakuja."

"Kesho ndiyo tarehe mosi."

"Najua."

"Niwaambie nini?"

"Waambie nimeatamia."

Matroni alitikisa kichwa kukubali. Amewahi kuandika sababu za udhuru za kila namna katika kitabu chake, na hii haikuwa mbaya kuliko nyingine. Alimtazama rafiki yake kwa huzuni isiyofichwa, akapandisha kioo, gari likaondoka. Shangazi akarudi, na kufikia kamba ya nguo mayai yalikuwa thelathini na sita, na kufikia ngazini thelathini na saba. Mkaguzi akaandika muda wote uliotumika: dakika kumi na moja.

Nyumba nzima ikamfanyia wema. Dirisha lake lilizibwa kwa gazeti ili upepo usimsumbue. Baiskeli ilitolewa. Beseni la maji liliwekwa kando ya kitanda kwa ajili ya unyevu, na mke wa Mkaguzi alimletea chai yeye mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea. "Wifi, usihangaike," alimwambia. "Wewe kaa tu." Shangazi alikunywa chai. Nafasi ya kushona sare alipewa mwingine siku ya Jumanne. Binti ndiye aliyemsomea ujumbe, kisha akamkalia karibu na kumshika mkono, na mkono ulikuwa na joto zuri.

Siku ya ishirini na moja walianguliwa wote kumi na wawili kabla ya saa sita mchana. Yale sita ya mezani yalitoa kifaranga mmoja, dhaifu, ambaye alitembea peke yake mpaka stoo.

Mchana ule ule Mkaguzi alirudisha mashine dukani, zimefutwa vumbi, nyaya zimekunjwa.

"Umechagua ipi, mzee?" aliuliza muuza mashine.

"Hakuna. Tumegundua tunayo nyumbani."

"Ya kampuni gani?"

"Ya zamani. Ya familia."

"Za zamani ndizo nzuri," alisema muuza mashine, ambaye alikuwa mkweli katika biashara yake. "Inakula umeme mwingi?"

"Haili umeme. Inakula tulichopika."

Muuza mashine akaitikia. Aliwahi kusikia za mafuta ya taa na za gesi. "Na inasumbua?"

Mkaguzi alifikiri vizuri kabla ya kujibu, kwa sababu hakupenda kusema namba asiyoijua. "Miaka ishirini na miwili," alisema. "Haijasumbua hata siku moja."

Aliporudi alikuwa na mayai sitini ya kukusanya mtaani. Yai likipita siku saba bila kuatamiwa hupungua nguvu, kwa hiyo hakutaka kuchelewa. Vifaranga walikuwa bado hawajakauka vizuri, wamejikusanya kwenye pindo la gauni la buluu, ambalo Shangazi alikuwa amelivaa siku hiyo bila kumwambia mtu sababu. Mkaguzi alipanga mayai kitandani katika trei mbili. Kisha akatoa kalenda aliyoichora mwenyewe kwa rula, akaigongelea msumari nyuma ya mlango. Ilikuwa kazi safi. Kila mzao ulikuwa na rangi yake, siku ya kuweka, siku za kumulika, siku ya kuacha kugeuza, siku ya kuangua, mpaka mwisho wa mwaka.

Shangazi aliitazama kalenda. Alifuata rangi kwa kidole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha.

"Kaka," alisema. "Siku yangu ni ipi?"

Mkaguzi alivaa miwani akasogea. Alitafuta kwa uaminifu, kwa sababu swali lilikuwa la namba.

"Siku ya ishirini na moja," alisema. "Wakishatoka hawa, kabla sijaweka wengine. Kama saa moja na nusu hivi."

Hapo ndipo Shangazi alipokasirika. Hakupiga kelele. Aliketi pale pale kitandani, mikono magotini, na hasira ya miaka ishirini na miwili ikampanda kutoka miguuni. Vifaranga wakasogea mbali naye, midomo wazi. Gazeti la dirishani likajikunja pembeni. Maji ya beseni yakaanza kutoa mvuke.

"Thelathini na nane na nusu," alisema Mkaguzi.

Binti na mama yake walikuja mbio. Walikuja kwa kujali kweli, wakiwa na kitambaa chenye maji baridi na sinia la kupepea, na wote wawili walianza kupepea trei.

"Thelathini na tisa. Mdogo wangu, teremsha kidogo. Ikifika arobaini watakufa."

Shangazi alijua. Aliyajua mayai kuliko wao wote. Alijua pia, kwa mara ya kwanza, kwamba anaweza. Ilikuwa imebaki nyuzi moja tu, na nyuzi hiyo ilikuwa yake, hakuna aliyempa wala angeweza kumnyang'anya. Akikaa na hasira yake dakika chache zaidi, sitini wataiva ndani ya maganda yao, na kalenda haitakuwa na kazi. Aliishikilia pale juu. Jasho lilimtoka. Aliyatazama mayai, yameandikwa msalaba upande mmoja na duara upande wa pili kwa mwandiko nadhifu wa kaka yake, na akayaonea huruma. Iliuma vibaya sana, ile huruma. Angeshukuru mtu amwondolee.

Akavuta pumzi. Akaitoa polepole.

"Thelathini na nane," alisema Mkaguzi. "Vizuri. Thelathini na saba nukta nane. Bado kidogo."

Mke wa Mkaguzi aliacha kupepea. Vifaranga wakarudi mmoja mmoja kwenye pindo la gauni.

"Thelathini na saba na nusu. Hapo hapo."

Akaandika, akamshukuru dada yake, na wote watatu wakatoka kwa kunyata. Wa mwisho alivuta mlango taratibu, baridi isiingie.